Oliver Mowat: Wakili Aliyeibana Ottawa kwa Kesi Ndogo

Mwaka 1871 alifariki mjini Toronto mzee mmoja mwenye mali, Andrew Mercer. Wasia halali haukupatikana, na mwana aliyemwacha alizaliwa nje ya ndoa, hivyo kwa sheria ya wakati ule hakuweza kumrithi baba yake. Kwa sheria ya Kiingereza mali isiyo na mrithi hurudi kwa mfalme; watu wa pwani wangesema imeangukia Baitulmali. Tatizo ni kwamba shirikisho la Canada lilikuwa na umri wa miaka minne tu, na Malkia Victoria alikuwa na serikali mbili zilizotawala kwa jina lake: moja Ottawa kwa nchi nzima, nyingine Toronto kwa jimbo la Ontario. Ipi kati ya hizo ndiyo ya kurithi mali ya mzee Mercer?

Serikali ya Ontario haikungoja jibu. Iliitwaa mali, ikatumia sehemu ya fedha kujenga gereza la marekebisho la wanawake, lililofunguliwa mwaka 1880 kwa jina la marehemu, na huku kesi inaendelea. Mwaka 1881 Mahakama ya Juu ya Canada iliipa Ottawa ushindi. Ontario ikakata rufaa London, na mwaka 1883 ikashinda. Neno moja tu la kifungu cha 109 cha sheria iliyounda shirikisho, lile linalotaja haki za kifalme juu ya ardhi, ndilo lililowaamulia wazee wa London kwamba Malkia wa kurithi ni yule wa Toronto.

Aliyeisukuma kesi hiyo mpaka mwisho ni Oliver Mowat, Waziri Mkuu wa Ontario na papo hapo Mwanasheria Mkuu wake, vyeo viwili alivyovishika pamoja kwa karibu miaka 24. Vitabu vya historia ya katiba humwita baba wa haki za majimbo. Sifa hiyo anaistahili, ila mara nyingi husimuliwa kana kwamba aliipata kwa hoja kubwa kubwa juu ya uhuru wa majimbo. Hotuba zake zilikuwa kavu. Alishinda kwa kuchagua kesi: urithi wa mzee asiye na mrithi, meza ya biliadi, magogo ya mtoni. Na kesi iliyolinufaisha jimbo lake kuliko karibu zote, ile ya misitu ya kaskazini magharibi, iliamuliwa juu ya ardhi ya watu ambao hawakuitwa mahakamani hata kusikilizwa. Mambo haya mawili siwezi kuyatenganisha, kwa kuwa ufundi ni ule ule.

Mowat alizaliwa Kingston, Upper Canada (Ontario ya leo), tarehe 22 Julai 1820, mtoto wa askari wa Kiskoti aliyekuja kuwa mfanyabiashara. Mwaka 1836, akiwa na miaka 15, aliingia kujifunza uwakili katika ofisi ya kijana mwingine wa Kiskoti aliyekuwa amefungua shughuli zake mjini hapo muda si mrefu. Kijana huyo, aliyemzidi umri kwa miaka mitano na ushei, ni John A. Macdonald, ambaye baadaye angekuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Canada. Alexander Campbell naye alipitia ofisi hiyo hiyo. Ofisi moja ya wakili katika mji mdogo ikatoa watu watatu ambao Oktoba 1864 walikaa pamoja katika mkutano wa Quebec kuandika maazimio yaliyozaa shirikisho. Nadhani ni vigumu kupata mfano wa pili.

Mwalimu na mwanafunzi hawakufanana kwa lolote. Macdonald alikuwa mcheshi, mnywaji, mjuzi wa watu, na mtu wa kuahirisha mambo mpaka yajitatue. Mowat alikuwa Mpresbiteri wa kanisa kila Jumapili, mnene kidogo, mwenye miwani, asiyekunywa mpaka akapotewa. Alihamia Toronto, akaapishwa kuwa wakili mwaka 1841, akajijengea jina katika mahakama ya Chancery, ile iliyoshughulika na amana, rehani, mirathi na mikataba. Katika mahakama hiyo hapakuwa na baraza la wazee wa kuwaliza kwa maneno matamu. Wakili alisoma hati mstari kwa mstari akitafuta lile neno ambalo mpinzani amelipita. Ndiyo tabia aliyokwenda nayo katika siasa.

Alianza na udiwani wa Toronto mwaka 1857, na mwishoni mwa mwaka huo huo akachaguliwa kuwa mbunge wa South Ontario upande wa Wanamageuzi wa George Brown. Kufikia 1861 mambo kati yake na bosi wake wa zamani yalikuwa yameharibika kiasi kwamba Macdonald alimjia juu ndani ya bunge, akamtukana na kumtishia kumzaba makofi. Mwaka huo huo Mowat alithubutu kugombea Kingston, nyumbani kwa Macdonald, akaangushwa. Bahati yake alikuwa amegombea na South Ontario pia, akarudi bungeni kwa mlango huo.

Huko Quebec mwaka 1864 Mowat ndiye aliyewasilisha azimio lililoorodhesha mamlaka ya mabunge ya majimbo. Jambo hili lina uzito, maana miaka 20 baadaye alipokuwa akibishana na Ottawa juu ya maana ya orodha hiyo, hakuwa mgeni wa maandishi. Lakini kabla wino haujakauka, Novemba 1864, aliondoka kwenye siasa akakubali ujaji wa Chancery. Akakaa kitini miaka minane. Shirikisho likazaliwa 1867 yeye akiwa anaamua mashauri ya rehani.

Kurudi kwake ni kisa cha pekee. Mwaka 1872 Ontario ilikataza mtu mmoja kukaa katika mabunge mawili kwa pamoja, la jimbo na la shirikisho. Edward Blake, aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo, akachagua Ottawa, na chama chake cha Liberal kikamfuata jaji Mowat kikamwomba avue joho aje kuongoza serikali. Akakubali, Oktoba mwaka huo. Wapinzani walipiga kelele kwamba jaji akishaanza kushuka kitini kwenda kugombea, wananchi watajuaje kuwa hukumu zake za jana hazikuwa na chama ndani yake? Swali lilikuwa la haki, na Mowat hakulijibu vizuri. Wapiga kura wa Ontario hawakulijali. Walimchagua 1875, 1879, 1883, 1886, 1890 na 1894, na mpaka leo hakuna Waziri Mkuu wa Ontario aliyekaa madarakani muda mrefu kama yeye.

Ili kuona alichokuwa akipigania, inafaa kuijua katiba aliyoikuta. Sheria ya 1867 iligawa kazi katika orodha mbili. Kifungu cha 91 kiliipa Ottawa biashara, benki, sheria za jinai, ulinzi, na mamlaka ya jumla ya kutunga sheria kwa ajili ya amani na utawala bora. Kifungu cha 92 kiliyapa majimbo mali na haki za kiraia, hospitali, serikali za mitaa, leseni za maduka na baa, na mambo yote ya kienyeji. Juu ya hayo, kifungu cha 90 kiliiruhusu Ottawa kubatilisha sheria yoyote ya jimbo ndani ya mwaka mmoja, hata ikiwa bunge la jimbo halikuvuka mpaka wake, na gavana wa kila jimbo aliteuliwa na Ottawa. Macdonald, ambaye kalamu yake ilifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, aliyaona majimbo kama halmashauri zilizovimba. Alitarajia siku si nyingi yangesinyaa yenyewe.

Mowat mwenyewe hakuanza kama shujaa wa majimbo. Mwaka 1873 bunge lake lilipitisha miswada ya kusajili vyama vya Orange, vya Waprotestanti wenye msimamo mkali. Akiidhinisha, angewaudhi wapiga kura Wakatoliki. Akikataa, angewaudhi Waprotestanti. Akamshauri gavana aihifadhi miswada hiyo, iende Ottawa ikaamuliwe huko. Macdonald akaucheka mtego, akairudisha miswada Toronto kwa maelezo kwamba hilo ni jambo la jimbo kabisa. Naam, mara ya kwanza haki za majimbo zilipotetewa kwa nguvu katika enzi ya Mowat, mtetezi alikuwa Macdonald.

Aliyembadilisha ni Macdonald huyo huyo, na chanzo ni magogo. Katika wilaya ya Lanark kuna mto uitwao Mississippi, usio na uhusiano na ule mkubwa wa Marekani, ambao maji yake huishia mto Ottawa. Peter McLaren, mfanyabiashara wa mbao na mfuasi wa chama cha Macdonald, alikuwa amejenga mabwawa na mifereji ya kuteremshia magogo sehemu za mto huo zisizopitika. Boyd Caldwell, mfanyabiashara wa mbao pia lakini Mliberali, alikuwa na misitu juu zaidi ya hapo, na magogo yake hayakuwa na njia nyingine ya kufika sokoni. McLaren alimfungia njia: mabwawa ni yangu, pita kwingine. McLaren akaenda mahakamani kumzuia, na Mowat, mwaka 1881, akatunga sheria inayompa kila mtu haki ya kupitisha magogo mtoni kwa kumlipa ushuru wa haki yule aliyegharimia mabwawa.

Macdonald aliibatilisha. Mowat akaipitisha upya neno kwa neno. Ottawa ikaibatilisha tena 1882, na tena 1883. Mowat akaipitisha mara ya nne mwaka 1884. Wakati huo kesi ya Caldwell ilikuwa imefika London, na wazee wa huko wakaamua kwamba hata sheria ya zamani ilimpa haki ya kupita. Macdonald akaachia. McLaren naye alipata kiti cha useneta mwaka 1890, kuonyesha kwamba ndani ya chama hakuna aliyemsahau.

Ukiitazama vizuri, kesi hii haikuamua chochote kuhusu kifungu cha 90. Mamlaka ya kubatilisha yalibaki kwenye karatasi na yako mpaka leo. Mara ya mwisho kutumika ni 1943. Kilichoyavunja nguvu ni aibu. Mpiga kura wa Ontario aliyekuwa haelewi tofauti ya kifungu cha 91 na 92 alielewa mara moja kisa cha tajiri anayemfungia mwenzake mto, na serikali ya Ottawa inayomlinda tajiri huyo mara tatu mfululizo. Mowat hangeweza kuandikiwa mchezo bora zaidi.

Kisha ikaja pombe. Sheria ya 1876 iliondoa utoaji wa leseni za baa mikononi mwa halmashauri za miji, ikauweka kwa makamishna walioteuliwa na serikali ya jimbo. Kwa nje ilikuwa sheria ya kupunguza ulevi, na ilipunguza baa kweli. Kwa ndani ilimaanisha kwamba kila mwenye baa Ontario alijua chakula chake kinategemea radhi ya chama cha Liberal. Mowat, mcha Mungu wa watu, alikuwa na mtandao wa uchaguzi uliopita katika kaunta za pombe! Macdonald, ambaye hakuwa mwanafunzi katika fani hiyo, aliona hatari. Katika kampeni ya 1882 alimwita Mowat dikteta mdogo na kuahidi kumnyang'anya leseni. Mwaka 1883 akapitisha sheria ya shirikisho ya leseni, na kwa muda Ontario ikawa na mamlaka mbili zilizodai kutoa leseni ya baa ile ile.

Katikati ya vurugu hizo akatokea Archibald Hodge, mwenye hoteli Toronto iliyokuwa na leseni ya pombe na meza ya biliadi. Kanuni za makamishna zilikataza biliadi kuchezwa humo kuanzia saa 1 jioni siku ya Jumamosi. Hodge aliwaacha wateja wacheze, akatiwa hatiani. Wakili wake akatoa hoja nzuri sana: bunge la Ontario lenyewe limekasimiwa tu madaraka na bunge la Uingereza, na aliyekasimiwa hawezi kumkasimia mwingine, kwa hiyo makamishna hawana uwezo wa kutunga kanuni, na mteja wangu hana kosa. Kama hoja hiyo ingekubaliwa, Macdonald angekuwa sahihi: majimbo ni halmashauri.

Desemba 1883 London iliikataa. Ilisema mabunge ya majimbo si wakala wa mtu yeyote. Ndani ya mipaka ya kifungu cha 92 mamlaka yao ni kamili na mapana sawasawa na ya bunge la Uingereza lenyewe. Soma tena: mamlaka kamili kama ya bunge la Uingereza, na kilichoyaleta ni mchezo wa biliadi wa Jumamosi jioni. Mwaka 1885 sheria ya leseni ya Macdonald nayo ikatupwa nje.

Nimekuwa nikisema "London", na msomaji wa Afrika Mashariki anastahili kujua ni London ipi, maana chombo hicho kiliwahi kuwa chetu pia. Ni Kamati ya Mahakama ya Privy Council. Waliokaa humo hawakuvaa majoho wala nywele za bandia. Walikaa mezani kwa mavazi ya kawaida, na rasmi hawakutoa hukumu bali walimpa Malkia ushauri. Ushauri ulikuwa mmoja tu: jaji aliyepinga alinyamaza, na nchi iliyoshindwa haikujua kama imeshindwa kwa kura moja au zote. Katika enzi ya ukoloni rufaa za Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar ziliishia kwenye meza hiyo hiyo. Canada ilikuwa na Mahakama yake ya Juu tangu 1875, lakini rufaa za London ziliendelea mpaka 1949, na Mowat alizitumia kuliko mwanasiasa yeyote wa wakati wake. Alikwishaona kwamba majaji wa Ottawa waliteuliwa na Ottawa. Wale wa London hawakuwa na deni kwa Macdonald.

Hoja yangu ina mpinzani mwenye nguvu. Wako wasomi wanaosema Mowat alibahatika tu: lords wa London, hasa Lord Watson, walipenda majimbo yenye nguvu kwa sababu zao wenyewe, na wakili yeyote angeshinda. Siikubali yote. Privy Council ilikuwa imeipa Ottawa ushindi mkubwa mwaka 1882 katika kesi ya Russell, juu ya sheria ya shirikisho ya kukataza pombe. Upepo haukuwa umeelekea upande mmoja. Tofauti ni kwamba kesi ya Russell aliianzisha mwenye baa wa New Brunswick kwa shida zake, ilhali mfululizo wa Ontario ulipangwa na ofisi moja yenye kumbukumbu moja. Kilichosemwa katika kesi ya Mercer kilinukuliwa katika inayofuata, na ile ya pili ikawa ngazi ya kufikia ya tatu.

Ngazi ya tatu ilikuwa ardhi, na hapa ndipo fedha zilipo. Mpaka wa magharibi wa Ontario haukuwa umechorwa popote. Mwaka 1878 wasuluhishi watatu, mmoja wao balozi wa Uingereza Washington, waliipa Ontario eneo hadi ziwa Lake of the Woods upande wa magharibi na mto Albany upande wa kaskazini. Wiki chache baadaye Macdonald alirudi madarakani akakataa kuutambua usuluhishi huo. Mwaka 1881 aliipanua Manitoba mpaka ikafunika sehemu kubwa ya eneo hilo. Alikuwa na sababu: katika Manitoba ardhi ya umma na misitu vilikuwa mali ya Ottawa, lakini katika Ontario vilikuwa mali ya jimbo. Mstari wa ramani ulikuwa mstari wa nani atauza miti.

Mji wa Rat Portage, leo Kenora, ukawa kichekesho. Manitoba iliuandikisha kama mji wake, Ontario ikaleta mahakimu wake, polisi wa pande mbili wakawa wanakamatana, na mwaka 1883 majimbo yote mawili yakafanya uchaguzi hapo hapo. Mwaka 1884 Mowat alivuka bahari akasimama mwenyewe mbele ya Privy Council. Alishinda kwa karibu yote aliyotaka, na Septemba Toronto ilimpokea kwa shangwe. Bunge la Uingereza liliuthibitisha mpaka huo mwaka 1889.

Lakini Ottawa ilikuwa na karata moja zaidi. Oktoba 1873, huko North-West Angle, wawakilishi wa Malkia na machifu wa Waojibwe walikuwa wametia saini mkataba namba 3 juu ya eneo la maili za mraba 55,000. Mazungumzo yalikuwa magumu. Yalikwishavunjika mara mbili kabla, na machifu walijua kuna dhahabu katika nchi yao. Mwisho walikubaliana: dola 12 kwa kila mtu siku ile, dola 5 kila mwaka baada ya hapo, maeneo yaliyotengwa, na haki ya kuendelea kuwinda na kuvua. Ottawa sasa ikasema: sawa, mpaka ni wa Ontario, lakini ardhi tuliinunua sisi kutoka kwa wenyeji, hivyo miti ni yetu. Ikawa imeipa kampuni ya St. Catharines Milling leseni ya kukata futi milioni moja za mbao karibu na ziwa Wabigoon. Ontario ikaishitaki kampuni hiyo.

Angalia hali ilivyokuwa ya ajabu. Ili Ottawa ishinde, ilibidi ithibitishe kwamba Waojibwe walikuwa wamiliki halisi wa ardhi yao. Ili Mowat ashinde, ilibidi athibitishe kwamba hawakuwa na umiliki wa kuuza. Waojibwe wenyewe hawakuwa upande wowote wa kesi, hawakuitwa hata kuwa mashahidi wa haki yao. Serikali mbili za wageni zilibishana juu ya jina la uhusiano wao na nchi waliyozaliwa, kwa sababu ya magogo.

Ontario ilishinda mahakama zote nne, kuanzia Toronto 1885 mpaka London Desemba 1888, ambako Edward Blake, yule yule aliyemwachia Mowat kiti, alisimama kuitetea. Lord Watson alisema haki ya wenyeji ilikuwa ya kutumia tu, inayotegemea hisani ya mfalme. Ilipoondoshwa na mkataba, ardhi ilibaki kwa yule ambaye kifungu cha 109 kinamtaja. Kifungu cha 109, kile cha mali ya mzee Mercer.

Matunda yake yalikuwa makubwa. Mnada wa misitu na ushuru wa magogo uliiwezesha Ontario kujenga shule, hospitali za wagonjwa wa akili na jengo la bunge la Queen's Park, lililofunguliwa 1893, karibu bila kuwatoza wananchi kodi ya moja kwa moja. Wengi hustaajabu Mowat alikaaje madarakani miaka hiyo yote. Serikali isiyotoza kodi haiondolewi upesi. Upande wa wenyeji hesabu ilikuwa nyingine. Maeneo waliyotengewa na mkataba yalikuwa sasa ndani ya ardhi ya Ontario, na Ontario haikuyathibitisha mpaka 1915, tena si yote. Ottawa iliomba Ontario irudishe fedha za malipo ya mkataba, kwa kuwa ndiyo iliyopata ardhi. Mwaka 1910 Privy Council ikakataa. Ontario ikabaki na ardhi, Ottawa ikabaki na bili, na bili hiyo imebaki dola 5 kwa mtu kwa mwaka mpaka kizazi hiki.

Simchori Mowat kama mtu mbaya. Kura ya siri aliileta Ontario 1874, na mwaka 1888 akafuta masharti ya mali kwa wapiga kura wanaume. Clara Brett Martin alipokataliwa na chama cha mawakili kwa sababu ni mwanamke, Mowat aliingilia kwa sheria ya 1892 na nyingine ya 1895, na mwaka 1897 binti huyo akawa mwanamke wa kwanza kuapishwa uwakili katika dola nzima ya Uingereza. Mwanamke kupiga kura ya bunge, hilo hapana, hakufika huko. Alikuwa mtu wa hatua moja kwa wakati, na kila hatua aliipima kwa kura.

Mwaka 1896 aliondoka Toronto kwenda kuwa Waziri wa Sheria katika serikali ya Wilfrid Laurier huko Ottawa, na ilikuwa vichekesho kidogo kumwona akishika ofisi iliyobatilisha sheria zake. Hakukaa. Mwishoni mwa 1897 alirudi kuwa gavana wa Ontario, akafariki akiwa katika cheo hicho tarehe 19 Aprili 1903. Macdonald alikwishatangulia tangu 1891.

Hukumu yangu juu ya ushindi wake ni ya nusu. Majimbo yenye nguvu yaliiwezesha nchi yenye Wafaransa na Waingereza isivunjike, na Quebec ilifaidi kesi za Mowat pengine kuliko Ontario yenyewe. Hata hivyo ngome aliyoijenga haikuwa na mlango. Mdororo wa miaka ya 1930 ulipofika na watu kukosa kazi kwa malaki, Ottawa ilitunga sheria ya bima ya wasio na ajira. Mwaka 1937 Privy Council ikaitupa kwa kuwa ni jambo la majimbo, na ikabidi katiba ibadilishwe 1940. Wasio na kazi walilipa gharama hiyo kwa miaka mitatu.

Wa mkataba namba 3 wanaendelea kuilipa. Kutoka ziwa Wabigoon unateremka mto wa jina hilo hilo, na kati ya 1962 na 1970 kiwanda cha karatasi kilichoko Dryden kilimwaga humo takriban tani 9 za zebaki, iliyowafikia watu wa Grassy Narrows kupitia samaki. Watu hao hao walikwenda mahakamani kupinga ukataji wa miti katika eneo lao la kuwinda, kwenye nchi iliyoongezwa Ontario mwaka 1912. Walisema mkataba wao ni na Ottawa, hivyo Ontario haiwezi kutoa leseni bila Ottawa kukubali. Tarehe 11 Julai 2014 Mahakama ya Juu ya Canada, kwa kauli moja na ikiirejea kesi ya 1888, iliwakatalia: Ontario ina lazima ya kushauriana nao na kuheshimu ahadi za mkataba, lakini miti ni yake, na idhini ya Ottawa haihitajiki.